Mtoro Wetu

Mimi nina hasira za karibu, na sioni aibu kulisema. Wateja wangu wananivumilia kwa sababu ya mikono yangu, ndiyo maana wananiita Vidole, jina ambalo hata mume wangu hulitumia akiwa na njaa. Saluni yangu ni chumba kimoja kinachotazama barabara. Kina viti viwili, kioo chenye ufa pembeni, dirisha moja ambalo komeo lake linataka kubembelezwa, na kamba ninayotundikia mafungu ya rasta kwa rangi zake. Chumba hicho ndicho kinacholisha watu wa nyumbani kwangu, na neno moja tu nusura linifungie.

Nilipata kifua kikuu. Leo nalisema kwa sauti, ila wakati ule hata kichwani mwangu nililisema kwa kunong'ona. Nilikohoa, nikasema ni vumbi la nywele. Nikakonda, wateja wakanisifia umbo. Nilipoanza kutoka jasho mpaka shuka zinaloa, mume wangu akanishika mkono akanipeleka zahanati, akaniambia hatuondoki pale bila majibu. Majibu yalipotoka nikafunga saluni kama nilivyoagizwa, nikatundika kibao kilichoandikwa NIPO SAFARI. Safari yenyewe ilikuwa ya kutoka kitandani kwenda dirishani na kurudi. Nikameza dawa, kikohozi kikakatika, mwili ukarudi. Wakanipima tena, wakaniambia siambukizi, naweza kufanya kazi, ila nimeze dawa mpaka mwisho bila kuruka. Nikasema sawa, na nilimaanisha.

Dawa haikunishinda. Kilichonishinda ni dirisha.

Zahanati yetu imekaa kando ya barabara ya kwenda sokoni. Wagonjwa wengine wote wanahudumiwa ndani, wana milango yao na mapazia yao. Sisi wa kifua tulitengewa dirisha la nje, upande wa barabara, kwa kuwa huko hewa ni nyingi, jambo ambalo sikulipinga. Lakini juu ya dirisha yaliandikwa maneno KIFUA KIKUU kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama za duka la saruji. Chini yake benchi. Na nyuma ya dirisha alikaa nesi mwenye moyo mwema kuliko manesi wote ninaowajua na sauti kubwa kuliko zote ninazozijua. Tulimwita Kipaza.

"Wa kifua, mstari wenu huu!" alikuwa akisema, na wauza nyanya wa ng'ambo wanageuka. "Meza. Fungua mdomo. Inua ulimi nione. Haya, mwingine!"

Kumeza mbele yake ndio ulikuwa utaratibu. Pembeni palikuwa na bango: Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali siikatai. Ila sijapata kusikia methali inayosema mtangaza maradhi hupata wateja.

Siku moja nimeinua ulimi mbele ya Kipaza, nikazungusha macho, nikakutana uso kwa uso na mteja wangu wa kila mwezi anatoka sokoni na kikapu. Nikampungia mkono, ulimi bado uko nje. Alitabasamu nusu, akaongeza mwendo. Mara nyingine nilipomwona alikuwa kwa msusi wa ng'ambo ya barabara, ameinamisha kichwa, anasukwa mistari iliyopinda. Angalau angesukwa vizuri, ningepoa.

Basi nikaacha kwenda. Sikukata shauri nikasema naacha. Nilisema kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine. Nilikuwa nalala vizuri, nakula kama mpagazi, sikohoi. Nilijua fika kwamba si sawa. Kila asubuhi nilipofungua saluni nilijiambia, leo mchana nitapita. Mchana ukifika nalikumbuka lile benchi, nashika kichwa cha mtu mwingine, nasuka.

Siku ninayotaka kuisimulia, kwenye kiti alikaa Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi, mwanamke wa makamo ambaye hata akisukwa mgongo wake haugusi kiti. Nusu ya kichwa nilikuwa nimeimaliza, nusu nyingine nywele zimesimama juu kama zimeshtuka. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa ameketi kwenye kigoda ananigawia rasta. Wifi nampenda, tumeshibana, lakini ukimpa siri umeipa miguu. Kuhusu kifua changu hakujua lolote. Kazi ya kumficha tuliifanya mimi na kaka yake kwa ustadi mkubwa.

Pikipiki ikasimama mlangoni. Akashuka kijana mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono inakata, kofia ya pikipiki mkononi. Alikuwa ofisa wa afya wa eneo letu, yule ambaye wakubwa kwa wadogo tunamwita Bwana Afya.

"Hodi humu."

"Karibu," akaitikia wifi, maana mimi ulimi ulikuwa umekauka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, kijana. Za kazi?"

"Nzuri. Samahani kwa kuwaingilia." Akasita, akatazama sakafu, kisha akatoa maneno ambayo nina hakika aliyapanga njia nzima. "Namtafuta mtoro wetu."

Huko kwao, mgonjwa akiacha dawa katikati, huandikwa mtoro. Ndilo neno lao la kazi. Na kijana wa watu alijiona amenihifadhi. Hakutaja ugonjwa, hakutaja jina. Hakujua kuwa kwenye chumba chenye wanawake watatu, neno kama hilo ni kumwaga mtama penye kuku wengi.

"Mtoro!" wifi akaruka. "Kavunja jela?"

"Hapana, mama. Ni mtoro wetu tu. Wa kawaida."

"Mtoro wa kawaida ndiye yupi?"

Bwana Afya akanitupia jicho. Nami nikamrudishia jicho la aina ambayo mume wangu akiliona huenda kukaa nje.

Mwalimu Mkuu alikuwa hajageuza kichwa, maana nilikuwa nimemshika nywele. Akanitazama kwenye kioo, akamtazama kijana kwenye kioo, kisha akasema kwa utulivu, "Vidole, hebu nifungulie hilo dirisha wazi kabisa, nipate hewa. Na hiki kiti nigeuzie huko."

Nikalibembeleza komeo, dirisha likafunguka, nikamgeuza akatazama nje. Nilifikiri ni joto.

"Kaa, kijana," akasema. "Watoro ndio kazi yangu, nimewawinda miaka mingi kuliko umri wako. Huyo wenu umemfanya nini mpaka sasa?"

"Nimemfuata, Mwalimu." Akakaa ncha ya kiti cha pili, kofia magotini. "Na asipokuja, sheria inaniruhusu kumfuata tena na watu. Kumchukua hata kwa nguvu."

Fungu la rasta likamponyoka wifi. Mimi nikavuta.

"Vidole," akasema Mwalimu, "hicho ni kichwa, si kamba ya mbuzi."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Kwa nguvu," akarudia yeye, kama anayeonja chumvi. "Hata mimi nilianzia huko. Nilipokabidhiwa ile shule, wasichana wa madarasa ya juu walikuwa watoro kupindukia. Nikawaita wazazi. Nikawafuata majumbani, mimi na mlinzi wa shule, tunawatoa uvunguni. Leo wanarudi, kesho hawapo. Nikawaita wakaidi, nikasema wazazi wao hawajawalea. Mpaka siku moja nikabanwa haja, choo cha walimu kimefungwa na mwenye ufunguo hayupo. Nikakimbilia choo cha wasichana. Hakina mlango! Ulikwisha vunjika zamani, na choo chenyewe kinatazama uwanja wa mpira. Nikasimama pale nimeshika sketi yangu, wavulana wanacheza, nikasema, loo, hata mimi ningetoroka."

Wifi akacheka mpaka akashika ubavu. Bwana Afya hakucheka.

"Ikawaje?" akauliza.

"Ikawaje nini? Tukaweka mlango. Sikumkimbiza mtu tena. Kwa hiyo nakuuliza, kijana. Huyo mtoro wenu, mlango wenu ukoje?"

Bwana Afya akaizungusha kofia magotini. Ningenyamaza na mimi, siku ingepita salama. Lakini nimeshasema, nina hasira za karibu.

"Hawana mlango!" nikapasuka. "Wana dirisha! Dirisha linatazama barabara ya soko, juu yake maandishi mekundu, na watu wazima wanasimamishwa pale watoe ulimi nje kila apitaye aone!"

Wifi akaniangalia, kinywa wazi.

"Nasikia," nikaongeza upesi. "Nasikia watu wakisema."

"Wifi, umeyasikia wapi yote hayo?"

"Barabarani, wifi. Si ndiyo nasema linatazama barabara?"

Alikubali, Mungu ambariki. Bwana Afya alikuwa amekunja uso, lakini si kwa hasira. Alikuwa na sura ya mtu anayeliona dirisha lile kwa mara ya kwanza, naye hulipita kila siku anapokwenda kazini.

"Dada," akaniambia, sauti ameishusha, "haya unayoyasikia ni kweli. Lakini kuna na upande mwingine. Mtu akikatisha dawa, ugonjwa hurudi, na ukirudi unakuwa sugu, zile dawa za mwanzo haziuwezi tena. Halafu anaukohoa kwa watoto wake, kwa wate..." Akajikamata. "Kwa watu. Yeye ana haki ya siri yake. Wao wana haki ya pumzi yao. Mimi niko katikati. Nifanyeje?"

Aliuliza kwa dhati, na hapo ndipo hasira iliponiishia, maana nilikuwa nimeinamia kichwa cha mwanamke wa watu, pumzi yangu yote iko utosini pake. Nilikuwa nimeipiga hesabu ya wateja nitakaowapoteza, na sikuwa nimemhesabu huyu niliyemshika. Nilijisikia vibaya sana, na si kwa sababu ya Bwana Afya.

Lakini jambo la kusema bado nilikuwa nalo.

"Basi tengenezeni mahali ambapo hizo haki mbili hazigombani," nikasema. "Mtu asilazimishwe kuchagua kati ya mapafu yake na riziki yake. Na hilo neno liacheni. Mtoro ni mtu aliyekimbia. Huyu wenu hajaenda popote. Yupo kazini kwake, mnamjua mpaka mlango. Ninyi ndio mliomweka mahali pasipokalika."

Bwana Afya akasimama, akavaa kofia, akaivua tena.

"Nyuma ya zahanati kuna mlango wa stoo," akasema. "Kesho asubuhi, kabla watu hawajajaa, nitakuwepo pale mimi na nesi. Hakuna mwingine. Ukimwona huyo mtu, mwambie."

"Nikimwona nitamwambia."

"Na mimi nikimwona nitamwambia!" akadakia wifi. "Nipeni tu jina."

Sote watatu tukamnyamazia. Nikamaliza kichwa cha Mwalimu, nusu ya pili ikatoka vizuri kuliko ya kwanza, akajitazama kwenye kioo, akaniaga kama siku zote.

Siku hiyo sikusuka mwingine. Nilitundika kile kibao cha safari, safari hii bila kuagizwa na mtu, na wifi nikamwambia mgongo unauma. Asubuhi nikaenda kwenye mlango wa stoo. Bwana Afya alikuwepo, na Kipaza alikuwepo, amekaa juu ya boksi la glovu, macho mekundu.

"Kumbe ni sauti yangu?" akaniuliza.

"Sauti yako, dada, na dirisha."

"Mimi nilidhani nawachangamsha."

Nikamkumbatia. Tangu siku hiyo Kipaza alijifunza kunong'ona, na kunong'ona kwake husikika getini tu, hakufiki sokoni. Wakanipima makohozi upya. Kukaa kungojea majibu yale kulinitesa kuliko ugonjwa wenyewe, maana machoni nilikuwa nakiona kile kichwa chenye nusu ya misuko. Majibu yakaja safi. Nikalia palepale stoo, Kipaza akanong'ona "pole" mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Nikaanza tena dawa, na mara hii niliulizwa. Niliulizwa, mimi, nataka kumezea wapi na nani anisimamie. Nikamchagua mume wangu. Sijui kama nilifanya busara. Mwanaume yule aliipenda kazi ile kupita kiasi. Kila asubuhi anajiweka mbele yangu na glasi ya maji, anakohoa kidogo kama mkubwa wa ofisi. "Meza. Fungua mdomo. Inua ulimi nione." Kisha anautazama ulimi wangu kwa muda mrefu na kusema, kumbe ndio huu unaonisumbua.

Jinsi Bwana Afya alivyopambana na wakubwa wake, siwezi kusimulia, sikuwepo kwenye vikao vyao. Nilichokiona ni mafundi. Maandishi mekundu yakapakwa rangi ya ukuta. Benchi likahamishiwa uani, chini ya paa la mabati lisilo na kuta, mahali ambapo upepo unaingia huku na kutokea kule. Wanaokohoa bado walipangiwa wakati wao peke yao, na barakoa. Sisi wengine wote wa dawa za muda mrefu, wa presha, wa sukari, wa kifua, tukawekwa pamoja, tunaitwa kwa namba, tunaingia nyuma ya pazia mmoja mmoja. Ukipita barabarani huoni kitu. Ukikaa pale ndani hujui jirani yako ana nini, na baada ya siku chache unakuta hutaki hata kujua, mnazungumza bei ya mafuta na ukorofi wa watoto. Lile neno nalo waliliacha. Siku hizi mtu akikosekana, nesi humwambia Bwana Afya, "Kuna mwenzetu hajafika." Naye anapomfuata huanza kwa kumuuliza kimemkwaza nini.

Asubuhi moja nimekwenda kuchukua fungu langu la dawa, nikamkuta Mwalimu Mkuu kwenye benchi la uani, wima kama kawaida yake, mkoba mapajani.

"Presha," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Sijauliza, Mwalimu."

"Vizuri."

Nikakaa kando yake, tukajadili misuko.

Dawa nilizimaliza. Siku niliyoambiwa nimepona kabisa, nilirudi saluni nikafungua mlango na dirisha, nikaimba nikifagia, nami sina sauti. Yule mteja wa kikapu alikwisha rudi zamani, amechoshwa na mistari iliyopinda, na nikamsuka bila kinyongo, au kwa kinyongo kidogo tu. Nilikuwa na furaha, na ndani ya furaha kulikuwa na kitu kimoja kinanikereketa. Siri ilikuwa yangu, na sasa nilitaka kuitoa mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa nimtakaye. Nikapanga nimwambie kwanza Mwalimu Mkuu, maana yeye ndiye niliyempumulia. Baada yake nitamwambia wifi, maana ukimwambia wifi huna haja ya kumwambia mwingine.

Mwalimu akaja mwisho wa mwezi. Nikamtuma wifi dukani akanunue uzi ambao ulikuwepo tele. Nikashika chanuo, nikagawa nywele katikati, nikapiga moyo konde.

"Mwalimu, unamkumbuka yule mtoro wa Bwana Afya?"

"Namkumbuka."

"Alikuwa mimi. Ni kifua kikuu, na nimepona. Lakini siku ile nilikuwa nimeacha dawa, nikakushika kichwa bila kukwambia. Ulikuwa na haki ya kujua. Nisamehe."

Mikono yangu ikaganda juu ya kichwa chake. Nje pikipiki ikapita. Nikasema moyoni, huyu akiinuka sasa hivi, simlaumu.

"Mwenye macho haambiwi tazama," akasema. "Nilijua tangu kijana yule alipokuangalia, nawe ukamkaripia kwa macho. Unadhani dirisha nililitaka kwa ajili ya joto? Kulikuwa na baridi siku ile, mwanangu."

"Kumbe ile presha..."

"Sina presha. Nilikwenda kupima kifua. Niko salama. Na haki yangu ya kujua niliitumia vizuri tu, nikaketi kwenye benchi lenu zuri."

Machozi yakanijaa, nikayafuta kwa bega kwa kuwa mikono ilikuwa na mafuta. Nikamuuliza lile ambalo lilikuwa linanitafuna.

"Sasa kama ulijua, Mwalimu, na uliogopa, kwa nini hukuondoka?"

Akajitazama kwenye kioo, kisha akanitazama mimi, kwenye kioo hichohicho, ule ufa umetupita katikati.

"Ningeinuka siku ile na nusu ya kichwa," akasema, "mtoro angekuwa nani?"

Halafu akanyoosha mgongo. "Haya, suka. Na usinivute."